Bwana Mvua Yuko Ofisi Gani?

Kihesa, Iringa
Novemba 1975

Kabula, rafiki yangu,

Tulifundishwa kwamba barua ya kirafiki huanza kwa kuuliza hali ya mwenzako, kisha unaeleza ya kwako. Ya kwako siulizi. Ya kwangu ni hii: nina hasira. Nina hasira na Mkuu wa shule, na Bwana Miti, na viranja, na lile wingu lililokaa juu ya mlima tangu asubuhi bila kufanya kazi yoyote. Hata wewe nina hasira nawe. Uliondoka kwenda likizo ya Juni mwaka jana tukiwa katikati ya ubishi, ukaniambia mlangoni mwa bweni, "Nikirudi nitakumaliza," na hukurudi. Mtu hafi katikati ya ubishi, Kabula. Si adabu.

Nimekaa nje ya jiko la mama. Shule imefungwa juzi. Mvua bado. Mama amelima, amepiga matuta, sasa anangoja kama wote. Jana jirani alipita akasema, "Kamwene, mama Oti! Mbegu bado ziko ndani?" Mama akamjibu, "Nizitoe zikaote jua?" Wakacheka, lakini si kile kicheko cha siku zote. Tunakula ule unga wa njano, yanga, mpaka nimesahau ugali mweupe una ladha gani. Nakumbuka ulivyosema siku ya kwanza ulipoletwa shuleni: "Huu ni unga au ni rangi ya nyumba?"

Nataka kukueleza habari yote tangu mwanzo, kwa sababu lililofanywa lilifanywa kwa jina lako.

Unakumbuka zile Ijumaa tulipokuwa kidato cha pili, Mkuu wa shule alipowaalika mabwana wa serikali waje kutufundisha kuhifadhi mali ya asili. Alianza Bwana Nyama na tembo wake wa mbugani na fedha za kigeni. Ukanyoosha mkono: "Ndugu Bwana Nyama, mto ukikauka tembo watakunywa nini?" Akacheka. "Hilo ni la Idara ya Maji, binti." Ijumaa iliyofuata akaja Bwana Maji, akachora mabomba ubaoni. Nikamuuliza habari ya vyura wa chemchemi yetu, kama wataendelea kuwapo tukitega bomba. Akasema vyura nimwulize Bwana Nyama. Darasa zima likavunjika mbavu, na tangu siku ile ukaniita Wa Vyura, wote wakafuata. Bwana Shamba alisema habari za mbolea. Ulipomwuliza juu ya malisho akakutuma kwa Bwana Mifugo, ambaye hakuja kabisa, gari lake lilikuwa bovu.

Mwisho alikuja Bwana Miti. Huyu alijua kusema. Alituambia ukame huu umeletwa na sisi wenyewe kwa kukata miti, na kwamba ukipanda mti umeita mvua. Alilisema mara nyingi, na sisi tukalirudia kama wimbo wa mchakamchaka. Ndipo uliponinong'oneza kwa sauti ambayo hata safu ya mbele waliisikia: "Na Bwana Mvua yuko ofisi gani?"

Wewe ukapewa adhabu ya kuchota maji ya jikoni kwa maneno yale, mimi kwa kuyacheka.

Na ubishi wetu ulianzia hapo, chini kwenye chemchemi, tukiwa na ndoo. Wewe uliipenda chemchemi ile kuliko mimi, ingawa hukukubali. Siku ya kwanza ulipofika shuleni kutoka Usangu ulichuchumaa mbele yake, chini ya mivengi, ile miti ya asili ya mabondeni kwetu, ukiyatazama maji yanavyotoka kati ya mizizi, mpaka matroni akadhani unaumwa. Ulikuwa hujawahi kuona maji yanatoka ardhini bila mtu kuchimba. Mimi nilikuwa nimeyaona tangu utoto. Kwetu kila bonde lina pahali kama pale, na chini yake kuna vinyungu vya akina mama, bustani zile za bondeni zinazolimwa kiangazi, wakati mashamba ya juu yamekufa. Mwezi wa tisa, vumbi limejaa kila mahali, bado unapata hindi bichi la kuchoma kutoka kinyungu. Uliona kama uchawi. Nikakwambia si uchawi, ni bonde.

"Mvua kwanza," ulisema. "Vyura baadaye."

Nikakwambia mvua ilikuwa mbaya mwaka jana na mwaka juzi, na chemchemi bado inatoka.

"Inakula akiba. Mvua ikikataa miaka mingine miwili hapa patakuwa shimo tu. Hao vyura wako nitawapeleka wapi, Usangu? Ng'ombe watawakanyaga."

Nami nikasema mvua inaweza kunyesha mpaka mabati yakatoboka, lakini ukishaliharibu bonde, maji yatakimbia yote siku ileile na kesho yake una kiu.

Tulibishana tukipanda kilima, maji yakimwagika, tukafika jikoni na ndoo nusu. Tukarudishwa.

Halafu ikaja siku ya somo la jiografia. Mwalimu alisema wako wataalamu wanaofikiri kwamba moshi wa viwanda na magari, ule wa nchi za mbali, unaweza kubadili hali ya hewa ya dunia nzima. Ukasimama bila kuruhusiwa. "Yaani ng'ombe wa baba wanakonda kwa moshi wa watu ambao hata hawamjui? Nani atakwenda kuwaambia?" Watu wakacheka, mwalimu hakucheka. Alisema, "Hatujui bado, Kabula. Wenyewe wanabishana." Ukakaa. Jioni ile ukanigeukia tukiwa tunajisomea, ukasema polepole, "Oti, kama mbingu inaharibiwa na watu tusiowafahamu, basi wewe na vyura wako mnacheza tu."

Neno lile liliniuma. Nilinuna mpaka Jumapili. Nilikuwa natafuta jibu, na nilipokaribia kulipata likizo ikaingia.

Habari tuliipata kwenye paredi, siku ya kufungua shule. Mkuu wa shule alisema homa, alisema hospitali ilikuwa mbali. Mimi nilikuwa nimekuwekea nafasi kwenye mstari. Nilikuwa nimemsukuma mtu mwingine kabisa ili ile nafasi ibaki, na ilibaki.

Sitaandika zaidi hapo.

Mwezi wa nane nilichaguliwa kwenda na mwalimu wa darasa kuwapa pole wazazi wako. Tulipanda basi la Mbeya, tukashuka Chimala, tukapata lori la mpunga linaloingia Usangu. Ulikuwa umenieleza mengi, lakini hukunieleza jinsi nchi inavyokuwa tambarare, jinsi mtu anavyoonekana kutoka mbali na bado hafiki. Vumbi lilikuwa jeupe. Ng'ombe walikuwa na mbavu kama vikapu. Baba yako alitupokea vizuri. Mama yako alinishika mkono akanitazama sana, kisha akasema, "Ndiyo wewe Wa Vyura?"

Kumbe ulikuwa unanitangaza mpaka nyumbani kwenu!

Akanieleza kwamba likizo ile mlikuwa mnachimba mchanga wa mtoni kutafuta maji, wewe na yeye, na ulikuwa unamsimulia. "Alisema kwenu kule maji inatoka yenyewe, hata bila mtu kuiombea. Mimi nikamwambia, we mtoto, unadanganya mama yako." Akacheka na kulia kwa pamoja. Nikamwambia hukudanganya. Nikamwambia akija Iringa nitamwonyesha.

Sasa elewa hasira yangu. Nimerudi kutoka kwenu, ahadi ile bado iko mdomoni, nakuta Mkuu wa shule na Bwana Miti wameamua kupanda msitu wa kukukumbuka. Msitu wa Kabula. Wasichana walishangilia mpaka wakalia, na mimi nilishangilia nao, mpaka alipotaja mti na mahali. Mti ni mkaratusi. Mahali ni chemchemi.

Sababu zao zilikuwa wazi kabisa, nakubali. Wilaya ilikuwa imetangaza bendera kwa shule itakayokuwa na miche mingi iliyo hai mwishoni mwa kiangazi. Mwaka wa kwanza tulipanda mlimani ikafa yote. Bwana Miti akamwambia Mkuu, mbele yetu, "Madamu, mkaratusi ukiutia mguu majini haufi." Kwa hiyo wakachagua pale penye maji. Na kwa kuwa mivengi na vichaka vilikuwa vimekaa ovyo, viranja walipewa mafyekeo wasafishe, ili mistari inyooke.

Kabula, walikata mivengi ili wapande miti! Nilisimama pale na fyekeo langu nikadhani labda mimi ndiye niliyechanganyikiwa.

Nilijaribu kwa akili, kama tulivyofundishwa. Mwalimu wa baolojia alishatuonyesha kwamba mti hunywa maji kwa mizizi na kuyatoa kwa majani. Nikachukua mifuko miwili ya nailoni, nikafunga mmoja kwenye tawi la mkaratusi ulio nyuma ya jiko, mwingine kwenye tawi la mvengi. Nikawaita wenzangu waje kuona jioni. Mifuko yote miwili ilikuwa na maji. Wa mkaratusi ulikuwa na maji zaidi, naapa ulikuwa nayo zaidi, lakini si kwa kiasi cha kumshtua mtu, na kiranja mkuu akasema, "Wa Vyura, umegundua kwamba miti inatoka jasho. Hongera." Nilitamani sana ungekuwapo. Ungenicheka kuliko wote, halafu ungemgeukia yeye.

Nikaja nyumbani Jumapili nikamweleza mama. Alikumbuka kinyungu cha bibi kilichokuwa chini ya misheni. Pale palikuwa na tope na mbu, na watu wa misheni walipanda mikaratusi makusudi ili pakauke, mbu waondoke. Pakakauka. Mbu wakaondoka na kinyungu kikaondoka. Hakuna aliyeficha jambo hilo, Kabula. Mti ule uliletwa pale kwa kazi hiyo. Watu wazima wote wa upande huu wanalijua, na watu walewale wanaupanda kwenye chemchemi wakiimba kwamba wanaita mvua. Hilo ndilo linalonichosha. Si kwamba hawajui. Wanajua Jumapili nyumbani, wakija Jumatatu kazini wanasahau, kwa sababu Jumatatu ni siku ya bendera.

Nikaenda ofisini kwa Mkuu. Nilimweleza yote, ya misheni na ya vinyungu vya akina mama walio chini yetu. Alinisikiliza, sitamsingizia. Kisha akavua miwani akasema, "Otilia, nchi ina njaa. Watu wanaomba mvua. Mimi nimepewa miche ya mikaratusi, sikupewa mingine. Wenzako wanamlilia Kabula. Wewe unalilia vyura."

Nilitoka bila kuaga. Nililala kitandani kwako, kile cha juu, mchana kweupe, mpaka matroni akanifukuza. Yule aliyenipa jina la Wa Vyura alikuwa amekufa, na jina limebaki linanipiga.

Kuanzia hapo bweni zima likanigeuka. Hawakunitukana. Walininyamazia, wakaanza kusema mbele yangu kama nisiyesikia: kuna watu wana wivu hata na marehemu. Kuna watu walikuwa marafiki wa mdomo tu. Nami jioni nikikaa peke yangu nilijiuliza kama wana haki. Je, ningekuwa nimekufa mimi, wewe ungekataa msitu wangu? Nadhani ungeupanda. Ungesema mvua kwanza. Hilo nalo lilinikasirisha, kwamba ningepinga kumbukumbu yako na wewe mwenyewe usiwe upande wangu.

Siku ya kupanda ilikuwa mwezi wa kwanza mwaka huu, mvua kidogo ilikuwa imenyesha. Vigingi vilikuwa vimepigwa kuzunguka chemchemi. Upande wa kushoto mivengi ilikwisha kukatwa, upande wa kulia ilikuwa bado kwa sababu mafyekeo yaliisha makali. Miche ililetwa na lori. Na baba yako akaja, Kabula. Alialikwa kama mgeni wa heshima. Alivaa koti zito kwenye jua lile na viatu ambavyo nilijua si vyake, maana alitembea kama anayeviogopa. Mama yako hakuja, alikuwa anauguza ndugu.

Mkuu alihutubia. Kwaya ikaimba. Bwana Miti akampa baba yako mche wa kwanza. Akaugeuzageuza mkononi, akauliza, "Hii ndiyo ile inakimbia?"

"Hii, mzee, ukilala ukiamka imekupita."

Akacheka. Nilikuwa sijawahi kumwona akicheka. Nikaona meno yako, ule mwanya wako. Nikaelewa kwamba hapa sina hoja. Mtu amepoteza binti, anataka mti unaokimbia. Uende ukamwambie nini, habari ya mifuko ya nailoni?

Lakini nilimtazama anavyozungusha macho. Alikuwa anatafuta kitu. Bonde lile limefichwa, unajua. Ukisimama kwenye chemchemi huoni shule wala barabara. Nikatoka kwenye mstari. Kiranja alinivuta sketi, nikaenda hivyohivyo, nikapiga goti. "Shikamoo, baba."

"Marahaba, Wa Vyura." Alinikumbuka.

Nikamwambia, "Baba, mti ukiwa hapa, ukipita na basi hutauona."

Akatazama juu. "Basi inapita wapi?"

Nikamwonyesha ule mteremko wa juu, penye kokoto, kando ya barabara kuu ya Mbeya. Ulikuwa umeniambia kwamba kila mwaka anapita huku, kwenda Dodoma na mbele mpaka kwa ndugu zenu kaskazini. Akamgeukia Mkuu wa shule, na akasema kwa adabu kabisa, mbele ya wageni wote, "Mama mwalimu, mimi nataka kuona mtoto yangu nikiwa kwenye basi. Tupande kule."

Bwana Miti akashtuka. "Mzee, kule ni mawe matupu. Kiangazi itakufa."

"Maji si hii hapa?" Baba yako akaonyesha chemchemi. Kisha akaonyesha mistari yetu yote, kuanzia kidato cha kwanza. "Na watoto si hawa hapa?"

Sauti iliyotoka kwa wasichana wale, Kabula! Kama gari linalokata pumzi. Mkuu alimtazama Bwana Miti, Bwana Miti akaitazama miche. Mmoja wa wageni akapendekeza kwamba mche wa mzee upandwe juu, mingine ibaki. Baba yako akasema hapana, mti mmoja peke yake utafanana na mchungaji aliyepoteza kundi. Hapo Mkuu akakubali kwa kichwa. Tukabeba miche yote juu.

Sikutaka aondoke bila kujua. Nilipomsindikiza kituoni nilimweleza sababu yangu nyingine, ya maji na ya vinyungu. Akauliza, "Kwa nini haukuwaambia hivyo?"

"Niliwaambia, baba."

"Ehe." Akatazama barabara mpaka basi likaja. Akiwa anapanda akasema, "Kabula alisema wewe ni mbishi kama yeye. Mimi sikuamini kama anaweza kuwako mwingine."

Basi ndivyo ilivyokuwa. Usidhani nilibebwa mabegani. Kiangazi chote tumebeba maji kutoka chemchemi mpaka kule juu, zamu kwa zamu, na kila anayepita na ndoo ananiambia, "Asante sana, Wa Vyura." Wamerudi kusema nami, lakini kwa maneno hayo tu. Miche mingi imekufa, kama Bwana Miti alivyosema. Mwezi wa tisa wakaja kukagua, bendera ikaenda kwa shule nyingine. Unajua wao walipanda wapi? Bondeni. Kwenye tope la chemchemi yao. Tumeambiwa kwenye paredi tuige mfano.

Nilitaka kupiga kelele.

Na jambo baya zaidi ni hili, ambalo sijamwambia mtu. Chemchemi yetu imepungua. Upande wa kushoto, kule walikofyeka, tope limepasuka na vyura hawalii tena. Upande wa kulia maji bado yanatoka, ndoo inajaa ukiwa na subira. Ningependa kusema ni fyekeo. Lakini mvua nayo imekuwa mbaya mno, na sina njia ya kujua ni kipi kimefanya nini. Hapo ndipo ungenikaba. Ungesema, "Si nilikwambia? Akiba imekwisha." Nami ningekuonyesha upande wa kulia. Labda tungekuwa na haki wote wawili, jambo ambalo lisingemfurahisha hata mmoja wetu.

Jibu langu nililipata, Kabula, lile la jioni ile. Limechelewa. Nililipata nikiwa na ndoo kichwani katikati ya mteremko, maji yakinidondokea shingoni. Ulisema kama mbingu inaharibiwa na watu tusiowafahamu, basi mimi nacheza. Sikiliza. Watu wa moshi siwezi kuwafikia, na huenda mwalimu ana haki kwamba hata hatujajua vizuri wanafanya nini. Lakini mvua ikija, hata ikija nusu, hata ikija mara moja kwa mwaka, itahitaji mahali pa kukaa. Itakaa wapi? Kwenye kokoto haikai. Kwenye paredi haikai. Inakaa kwenye mabonde kama hili, chini ya mizizi ile iliyokaa ovyo, na kutoka hapo inatolewa kidogokidogo mpaka mwezi wa tisa. Kwa hiyo kadiri mbingu inavyokuwa bahili, ndivyo bonde linavyozidi kuwa na kazi. Wewe unaogopa ukame, mimi nalinda bonde. Mimi nadhani hiyo ni kazi moja, tuliyogawanyiwa na wale mabwana wa Ijumaa, kila mmoja na mlango wake, na sisi kwa ujinga tukaingia kila mtu mlango wake tukaanza kutukanana.

Najua maji ya chemchemi yetu hayafiki kwenu. Uliwahi kunichorea mito kwa kijiti kwenye vumbi ukanisuta kwa hilo. Lakini Usangu nayo inalishwa na milima yake, na kwenye milima ile kuna mabonde, na hapo bondeni sasa hivi, nina hakika, kuna mwalimu anapiga vigingi ili mistari inyooke. Nikimaliza shule nitakwenda huko. Sijui nitakuwa bwana gani, maana hakuna Bwana Bonde, na tena mimi si bwana. Lakini nitakwenda ofisi hadi ofisi na nitakuwa msumbufu kama ulivyokuwa wewe, na mtu akiniambia hilo ni la idara nyingine, nitakaa palepale kwenye benchi mpaka waitane.

Jambo moja tu zuri nikupe. Baada ya likizo ya Juni mwaka huu, msichana wa kidato cha kwanza alinifuata chemchemini. Kumbe alikuwa akiokota mbegu za mvengi na kuziotesha kwenye makopo ya maziwa nyuma ya bweni. Nyingi hazikuota, zilizoota ni fupi kama kidole. Akaniuliza kama mvengi unakua haraka. Nikamwambia ukweli, kwamba hapana, tutakuwa tumeolewa na kuzeeka. Akafikiri, akasema, "Basi tuanze leo." Tumeipanda upande wa kushoto. Hakuna bendera yake. Mkuu wa shule alipita akatuona, akasimama, akasema tuweke miiba mbuzi wasiile. Akaenda zake. Nimeamua kwamba hilo linatosha kwa mwaka huu.

Mama ananiita. Jua limeanza kushuka na nina kazi shuleni kabla ya giza, maana wakati huu wa likizo hakuna zamu, niko peke yangu na ndoo. Mti wako haujafa. Iliyokufa ni mingine. Wako una majani mapya, madogo, ya rangi ya kutu, na bado ninaudharau, ni mlevi wa maji. Ninaumwagilia kila siku na kuutukana kidogo. Nakuahidi nitaendelea, kumwagilia na kutukana, mpaka mvua inyeshe na uweze kujitegemea. Mwezi uliopita basi la kaskazini lilipita nikiwa pale na ndoo. Halikusimama. Lakini dirisha moja lilifunguka, mkono ukatoka, mkono wa koti zito, ukabaki nje ukipepea mpaka basi likapinda kona.

Lala salama, Kabula. Ubishi bado ni wetu, na sasa ni zamu yako kujibu.

Mimi wako,
Otilia